Je, tunaweza kujua mapema kama mionzi ya kifua itaumiza umio wa baba?

"Daktari, jambo. Baba yangu ana miaka 63. Alifanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi kwa miaka mingi, na sigara ameiacha mwaka jana tu. Amepatikana na saratani ya pafu, ile isiyo ya seli ndogo, hatua ya tatu, na tezi za limfu zimevimba katikati ya kifua. Huko Lusaka wamempangia mionzi ya grei 60 kwa vipindi 30, pamoja na kemo kila wiki. Waliniruhusu kupiga picha ya skrini ya mpango: kwenye mstari wa umio imeandikwa wastani grei 28, V60 asilimia 22. Ndani ya miezi minne ameshuka kutoka kilo 66 hadi 58. Jirani yetu wa Katuba alipata tiba kama hiyo, koo likaungua, akashindwa kumeza hata mate, na watu wanasema alikufa kwa njaa. Je, kuna kipimo cha kutuambia kabla ya kuanza kama baba naye ataungua? Na kama hatari ni kubwa, tukatae kemo, au tuombe wapunguze mionzi?"

Mama, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna maswali matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: kama jeraha la umio linaweza kutabiriwa, kama takwimu ulizopiga picha ni mbaya, na kama inafaa kubadili tiba kwa ajili ya takwimu hizo. Nitayafungua moja baada ya jingine, ila nianze na neno "kuungua", kwa maana hilo ndilo linalowatisha watu kuliko ugonjwa wenyewe.

Umio ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Linashuka kutoka kooni hadi tumboni likipita nyuma ya bomba la hewa, kisha nyuma ya moyo. Tezi za limfu zilizo chini ya mahali bomba la hewa linapogawanyika mara mbili zimelala juu yake kabisa, kiasi kwamba kwenye picha ya skana mara nyingine nalazimika kusogeza uso karibu na skrini ili nione tezi inaishia wapi na umio unaanzia wapi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye tezi za namna hiyo hawezi kutibiwa kwa mionzi bila umio kupata sehemu yake. Hilo si kosa la fundi wala udhaifu wa mashine. Ni ujirani tu.

Mionzi hiyo haichomi kama chuma kilichotoka motoni. Baba akilala kwenye meza ya matibabu hatasikia joto wala maumivu, na siku ya kwanza atatoka akila kama alivyoingia. Utando wa ndani wa umio umejengwa kwa tabaka za seli: zile za juu huchubuliwa kila siku na chakula, na zile za chini kabisa hugawanyika ili kuziba pengo. Mionzi huharibu uwezo wa seli za chini kugawanyika, wakati zile za juu zinaendelea kuchubuka kama kawaida. Sisi wa Lubumbashi tunaijua hali hiyo vizuri: ghala linaendelea kutoa unga kila siku, huku lori la kuleta mwingine limekwama mpakani Kasumbalesa. Wiki ya kwanza hakuna anayeona tofauti. Wiki ya tatu rafu ni tupu. Ndiyo maana maumivu ya kumeza kwa kawaida huanza kati ya wiki ya pili na ya tatu, na ndiyo maana pia, seli zilizosalia zikipata nafasi ya kuzaana, utando hurudi wenyewe.

Sasa, utabiri. Hakuna kipimo cha damu, wala endoskopi (kamera inayoingizwa kooni), wala kipimo cha vinasaba kinachotumika hospitalini leo kumwambia mtu mmoja mmoja kabla ya kuanza kwamba wewe utaumia na wewe hutaumia. Watafiti wanachunguza vinasaba, picha na programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na wagonjwa waliopita, lakini hayo bado hayajafika mahali ambapo ningeyatumia kuamua tiba ya baba yako. Tulicho nacho ni hesabu ya dozi. Skana hupigwa kabla ya tiba, daktari huchora umio kwenye kila kipande cha picha, na kompyuta hukokotoa ni sehemu gani ya umio itapata kiasi gani cha mionzi. Kutokana na hayo hupatikana namba kama zile ulizopiga picha. Grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi; wastani wa grei 28 ni dozi ya wastani kwa umio mzima. V60 ya asilimia 22 ina maana kwamba zaidi kidogo ya moja ya tano ya umio, itapata grei 60 au zaidi, yaani dozi ileile inayokusudiwa kwa uvimbe. Usishtuke kwa hilo: ni ule ujirani niliousema.

Namba hizo zinasema nini? Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya taarifa za wagonjwa 1,082 wa saratani ya pafu waliopata mionzi na kemo kwa wakati mmoja, kutoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Asia. Kati ya vipimo vyote vya dozi, V60 ndiyo iliyotabiri vizuri zaidi. Wale ambao karibu hakuna sehemu ya umio wao iliyofika grei 60 walipata jeraha kali, yaani la daraja la tatu au zaidi, kwa asilimia 4. Wale ambao V60 yao ilifika asilimia 17 au zaidi walilipata kwa asilimia 22. Kwa mujibu wa mstari huo, baba yako yuko kwenye kundi la juu. Siwezi kulificha.

Lakini daraja la tatu ni nini? Ni mgonjwa ambaye kula kumekuwa kugumu kiasi cha kuhitaji kulazwa, maji ya mshipa, au mrija wa kulishia unaopita puani. Ni jambo zito, ila linatibika. Daraja la pili, ambalo kwa kundi la baba yako liliwapata wengi zaidi (ukijumlisha la pili na yaliyo juu yake, ni asilimia 59), ni mtu anayeumia, anabadili chakula, anahitaji dawa za maumivu, lakini anaendelea kula kwa mdomo. Na katika wagonjwa wote hao 1,082 hakuna aliyekufa kutokana na jeraha la umio. Kuhusu jirani yenu wa Katuba nisiseme zaidi, kwa kuwa sikumtibu. Ila ninapomwona mtu anayeshindwa kumeza mate baada ya mionzi, huwa natafuta pia mambo mengine: kuvu wa mdomoni na umioni, uvimbe wenyewe unaobana umio kutoka nje, au mgonjwa aliyeachwa bila dawa ya maumivu hadi akaacha kunywa. Yote matatu yana tiba yake, na yote matatu hupotea chini ya jina moja la "kuungua".

Geuza sasa karatasi upande wa pili. Asilimia 22 ina maana kwamba kati ya watu 100 wenye mpango kama wa baba yako, 78 hawakupata jeraha kali. Hesabu hiyo inajua kundi, haimjui mtu. Hata kwa kundi, uwezo wake wa kuwatenganisha watakaoumia na wasioumia ni wa kadiri tu: wapo wenye V60 ya juu waliomaliza wakila bukari, yaani ugali, na wapo wenye V60 ndogo waliolazwa. Umio husogea mtu anapopumua na kumeza, wakati skana imeuona kwa muda mfupi tu. Isitoshe, asilimia hutegemea umechorwa kutoka wapi hadi wapi. Daktari akichora umio wote, kuanzia chini ya koromeo hadi unapoingia tumboni, asilimia huwa ndogo. Akichora kile kipande tu kilicho karibu na uvimbe, asilimia hupanda, ingawa dozi ni ileile. Nimewahi kuona mpango uliosomeka wa kutisha, na tulipouchora umio upya kwa urefu wake kamili namba ikashuka bila mashine kuguswa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza Lusaka, kwa heshima, ni hili: "Umio umechorwa wote?"

Kuna na mambo ambayo skrini haiyaonyeshi. Kemo ikitolewa pamoja na mionzi huongeza jeraha. Mionzi ya mara mbili kwa siku, inayotumika zaidi kwa saratani ya seli ndogo, huongeza pia, lakini hiyo haimhusu baba. Kinachonitia wasiwasi kuliko V60 ni zile kilo 8. Kutoka 66 hadi 58 ni kupoteza asilimia 12 ya uzito kabla hata ya kipindi cha kwanza, na mwili unaoanza safari hivyo hauna akiba ya kuvukia wiki kadhaa za kula kwa shida. Kati ya namba zote ulizoniandikia, hiyo ndiyo ambayo ninyi nyumbani mnaweza kuibadilisha, na kazi hiyo ianze leo, siyo wiki ya tatu.

Nije kwenye uamuzi. Kupunguza mionzi chini ya grei 60 ili kuuokoa umio ni biashara mbaya pale ambapo lengo ni kuponya: umio ungepona wenyewe ndani ya wiki chache, lakini uvimbe uliopata dozi pungufu hautusamehi. Kuongeza nako hakusaidii. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2015 lililinganisha grei 60 na grei 74. Waliopata 74 waliishi muda mfupi zaidi, na jeraha kali la umio likapanda kutoka asilimia 7 hadi 21. Grei 60 si namba waliyoiokota njiani.

Kemo ni swali gumu zaidi, na hapa madaktari waaminifu wanaweza kutofautiana. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kutoa kemo na mionzi kwa pamoja, badala ya kemo kwanza na mionzi baadaye, kuliongeza walio hai baada ya miaka 3 kutoka asilimia 18 hivi hadi karibu 24. Bei yake ilikuwa umio: jeraha kali lilipanda kutoka asilimia 4 hadi 18. Kwa mtu wa miaka 63 anayetembea mwenyewe, anayejihudumia na ambaye uzito wake umeanza kurudi, ningechagua pamoja. Kwa mtu anayeshinda kitandani na anayeendelea kukonda, kutanguliza kemo kisha mionzi ni njia ya heshima, wala si kukata tamaa. Kukataa kemo kabisa ni jambo la tatu, na sikushauri kulifanya kwa sababu ya hofu ya umio peke yake. Mueleze daktari wa Lusaka jinsi uzito ulivyoshuka mwezi kwa mwezi. Inawezekana anajua kilo 58 lakini hajui ile 66.

Lipo pia ombi la katikati ambalo haliumizi mtu: kuuliza kama mpango unaweza kuchorwa upya ili ukuta wa umio ulio upande wa pili wa uvimbe upate dozi ndogo, bila kunyima uvimbe na tezi dozi yake. Kwa mashine zinazoweza kubadili nguvu ya mionzi ndani ya uwanja mmoja hilo mara nyingi linawezekana, na nusu ya mzunguko wa umio ikibaki salama, utando hupata mahali pa kuanzia kujifunika upya. Wakijibu kwamba tezi zimeukumbatia umio na haiwezekani, waamini.

Kuhusu kinga za kunywa, najua mtaambiwa asali. Asali ya manuka ya New Zealand ilijaribiwa rasmi kwa wagonjwa wa saratani ya pafu, ya maji na ya vidonge vya kumung'unya, na haikushinda huduma ya kawaida. Dawa ya sindano iitwayo amifostini nayo haikupunguza jeraha kali katika jaribio lake kubwa. Asali kwenye uji ni chakula kizuri, mpeni kama chakula. Dawa za mizizi zinazochoma zikimezwa, hapana.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo utabiri wenye manufaa kwenu kuliko asilimia yoyote. Vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, ni wiki 6. Katika wiki ya pili au ya tatu baba atasema kitu kimekwama kifuani, kama bonge la bukari ambalo halijashuka. Baadaye maji yatauma. Maumivu hufika kileleni karibu na mwisho wa tiba au wiki moja hadi mbili baada yake, kisha hupungua taratibu kwa wiki tatu hadi sita. Tazama tarehe hizo vizuri: kipindi cha 30 kinakwisha, familia inafurahi, mnapanda basi, mnavuka mpaka, na wiki iliyo ngumu kuliko zote inawakuta nyumbani, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwa waliomtibu. Hapo ndipo nimeona watu wakipata shida. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Lusaka ombeni dawa za maumivu za wiki tatu, na kama kuna mofini ya maji, ombeni barua ya daktari yenye jina la mgonjwa na kiasi cha dawa, kwa kuwa mofini hudhibitiwa na mpakani mtaulizwa. Ulizeni mapema pia ni hospitali gani hapa Lubumbashi itakayoweza kuendelea kumpa.

Usiogope mofini. Mgonjwa mmoja, mzee wa makamo ya baba yako, alikuwa akichukua kijiko cha uji, anafumba macho, anahesabu kimoyomoyo hadi kitakapopita, kisha anakisukuma kikombe mbali. Vijiko vitatu kwa asubuhi nzima. Tulichobadilisha ni saa tu: dawa nusu saa kabla ya chakula badala ya baada yake. Siku iliyofuata alimaliza kikombe. Mofini hufunga choo, kwa hiyo papai na dawa ya kulainisha choo ziende nayo tangu siku ya kwanza.

Chakula kiwe laini, cha uvuguvugu, kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, na kila kijiko kibebe nguvu: uji wa mahindi wenye siagi ya karanga na maziwa, mayai, parachichi lililopondwa, supu ya samaki iliyochujwa miiba, bukari nyororo iliyolowekwa kwenye mchuzi, mafuta kidogo ya mawese juu. Pilipili, ndimu, nyanya nyingi, chai ya moto sana, lutuku (pombe kali ya kienyeji) na sigara vikae mbali hadi utando urudi. Ale akiwa ameketi, na asilale kabla ya saa moja kupita. Daktari anaweza kuongeza omeprazoli ili asidi ya tumbo isipande juu ya kidonda. Vidonge vyote vimezwe kwa maji ya kutosha akiwa ameketi. Doksisaikilini hasa, ambayo huku kwetu hutolewa kwa mambo mengi, ikikwama umioni huchimba kidonda chake yenyewe. Ibuprofeni asipewe bila daktari kujua, kwa sababu ya kemo.

Nunueni daftari. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kula, andikeni uzito. Kila jioni andikeni alikula nini na aina gani ya chakula ilipita: kigumu, laini, maji tu. Daktari anayeona kwamba mgonjwa ametoka kwenye kigumu hadi laini katika kipindi cha 9 anajua mambo zaidi kuliko V60 inavyoweza kumwambia. Na baba asifiche maumivu akidhani watamsimamishia mionzi. Kinachosimamisha mionzi ni kuzidiwa, na siku za kusimama katikati hupunguza nguvu ya tiba; akisema mapema, tunatibu maumivu na vipindi vinaendelea.

Msingojee miadi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, ikiwa anashindwa kunywa hata maji kwa siku nzima au mkojo umepungua na kuwa mweusi. Ikiwa ana homa ya digrii 38 au zaidi katika wiki za kemo, hata kama anajisikia vizuri. Ikiwa anatapika damu au choo kimekuwa cheusi kama lami. Ikiwa kila anapokunywa anapaliwa na kukohoa kinywaji, maana huenda tundu limetokea kati ya umio na njia ya hewa, ajali iliyo nadra lakini isiyosubiri. Au ikiwa maumivu makali ya kifua yamekuja ghafla. Utando mweupe mdomoni unaofuatana na maumivu ya kumeza uangaliwe ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa kuvu hutibika haraka kwa flukonazoli, na bila hiyo mtaendelea kuilaumu mionzi. Kupoteza zaidi ya kilo 2 kwa wiki moja pia ni sababu ya kwenda, na hapo mrija wa puani usionekane kama mwisho wa mtu: wengi hukaa nao wiki chache, kisha hutolewa.

Baada ya hapo kunakuja ukimya, na watu hudhani mambo yamekwisha. Kwa wagonjwa wachache, kati ya mwezi wa tatu na wa nane hivi, kovu huufanya umio uwe mwembamba, na dalili yake haiumi: nyama inakwama, baadaye bukari inakwama, maji yanapita. Daktari wa endoskopi anaweza kuupanua, mara nyingine kwa zaidi ya mkao mmoja. Kwa hiyo lile daftari msilitupe tiba ikiisha. Andikeni kwenye ukurasa wa mwisho tarehe ya kipindi cha 30, hesabuni miezi mitatu mbele, na kuanzia hapo mumuulize mzee kila mwisho wa mwezi kama nyama bado inashuka.